Mita Tatu Mbele ya Amin

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda hapa Kampala yalitundika ukutani picha za enzi za Idi Amin kutoka Shirika la Utangazaji la Uganda, ambako negativu zipatazo 70,000 zilikaa kabatini hadi 2015. Watu walitafuta nyuso za ndugu na za mawaziri. Mimi ni mtu wa studio. Nilitafuta mahali alipokuwa amesimama mpiga picha.

Picha za mraba ndizo zinazosema wazi. Ni za filamu ya 120, fremu ya milimita 56 kwa 56, ambayo ulalo wake, kona hadi kona, ni 79. Lenzi ambayo milimita zake zinakaribia ulalo huo huona eneo la kawaida, si pana wala si finyu, ndiyo maana Yashica Mat-124G, yenye lenzi moja ya kutazamia na nyingine ya kupigia, ilitengenezwa na ya 80. Sasa piga hesabu: kwa lenzi hiyo, mtu anayeujaza mraba toka kofia hadi viatu yuko kama mita tatu tu kutoka kwenye kamera. Waajiriwa wa serikali walimpiga picha Amin kwa umbali wa namna hiyo, bila ukuta wala kichaka cha kujificha. Naona tumewaheshimu kidogo mno.

Leica ya 1925 ilikuwa imeleta fremu ya 24 kwa 36, na lenzi ya kawaida ikawa 50. Ukisimamisha kamera wima, umbali ni karibu uleule. Studio zetu zilipohamia filamu hiyo, kinara cha kamera hakikusogea sana.

Kilichotusukuma nyuma ni kihisi cha kidijitali cha Canon za bei nafuu, 22.3 kwa 14.9. Lenzi humwaga duara la mwanga. Kihisi kidogo huchota katikati tu, pembeni panapotea. Ile 50 yetu, bila kubadilika hata kidogo, ikaona kama ya 80, na mtu mzima akahitaji mita nne na nusu. Vyumba vingi vya kupangisha mjini havina kina hicho. Ndipo lenzi ya kuvuta ya 18-55 ilipotuokoa: tukaizungusha hadi karibu na 31, na viatu vya bwana harusi vikaingia tena kwenye picha.