Karura: msitu uliookolewa mara mbili

Ukitaja Karura mbele ya Mkenya wa makamo, atakukumbushia damu. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alifika kwenye lango la msitu huo, kaskazini mwa Nairobi, akiwa na wabunge, wanahabari na wanaharakati wenzake. Walikwenda kupanda mti. Genge la watu waliokodiwa likawavamia, Maathai akapasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa akaitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimchuruzika. Kisa hicho kimesimuliwa sana, na kinastahili. Ila kinatufanya tudhani kwamba Karura iliokolewa siku hiyo, ilhali kwa miaka kumi iliyofuata ni wachache mno waliothubutu kutia mguu humo.

Msitu wenyewe ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Una hekta 1,041, na umezungukwa na mitaa ya wenye nazo: Muthaiga, Gigiri, Runda. Barabara ya Kiambu inaupitia upande wa mashariki, na ya Limuru imekimega kipande cha Sigiria kikabaki ng'ambo yake. Anayedhani ataukuta kama Mungu alivyouumba atashangaa, maana sehemu kubwa yake ilikuwa shamba la miti. Wakoloni walijaza mikaratusi iliyotoka Australia kwa sababu garimoshi zilikula kuni bila kushiba, na mkaratusi hukua upesi. Miti ya kienyeji, kina muhugu na mukinduri, ikabaki vipande vipande, hasa mabondeni kwenye mito. Huko huko mabondeni kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyafanya maficho miaka ya 1950, ndani ya msitu wa serikali ile ile iliyokuwa ikiwasaka, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kasri za Muthaiga. Kwa ujasiri huo, nawavulia kofia.

Kufikia miaka ya 1990, ardhi ya umma ilikuwa imegeuka zawadi ya kisiasa. Mkubwa akitaka kumshukuru mtu, alimkatia ploti. Karura ikagawiwa kampuni za binafsi chini kwa chini, na mwaka 1998 habari zikafichuka: miti inakatwa, majengo ya kifahari yako njiani. Maathai na shirika lake la Green Belt Movement wakaja na miche. Oktoba mwaka huo mitambo ya ujenzi ikachomwa moto msituni. Baada ya kipigo cha Januari, wanafunzi wa vyuo vikuu wakamiminika barabarani na kupambana na polisi. Wakubwa walisahau kitu kimoja: makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, yako Gigiri, ubavuni mwa msitu. Ni vigumu kufyeka msitu kimya kimya mbele ya jirani kama huyo. Agosti 16, 1999, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wanyakuzi walirudi nyuma, lakini wakora hawakwenda popote. Karura ilijulikana kwa wizi, ubakaji na maiti zilizotupwa vichakani. Watu waliipita kwa gari, madirisha yamefungwa. Na msitu ambao raia anauogopa hauna mtetezi; anayeutaka kwa ajili ya nyumba atarudi tu, safari hii akidai kwamba anasafisha pango la wahalifu.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliunda Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kuwaruhusu wananchi waliojiunga katika vyama kusimamia misitu pamoja na serikali. Kwa njia hiyo kikazaliwa chama cha Marafiki wa Karura mwaka 2009, na kazi yake kubwa ya kwanza ikawa kuchangisha fedha za kujenga ua wa umeme. Mimi huuona ua huo kuwa tata. Mwaka 1998 watu walipigania msitu usizungushiwe ua. Miaka kumi na kitu baadaye ua ndio uliowarudisha ndani. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeachwa nje. Walinzi wengine waliajiriwa kutoka Huruma, mtaa wa mabanda ulio kando ya msitu, na kina mama wa huko wakawekewa utaratibu wa kuokota kuni. Mtu anayefahamu vijia vyote vya msitu ni mlinzi bora kuliko aliyeletwa na gari kutoka mbali.

Mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Maathai alifariki Septemba ya mwaka huo huo. Siku hizi Jumapili asubuhi utakuta wakimbiaji, baiskeli za kukodi, maharusi wanaopiga picha kwenye maporomoko ya maji, na watoto wanaoogopa nyani kuliko jambazi. Mikaratusi inaondolewa polepole, miche ya kienyeji inachukua nafasi yake, na vichaka vya lantana vinang'olewa kwa mikono. Mbega weusi kwa weupe waliletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, na sasa wanaruka juu ya vichwa vya wageni.

Kiingilio cha mwananchi kilikaa miaka mingi kwenye shilingi 100. Mia mia hizo zililipa walinzi na kukarabati ua, na ndizo zilizozua ugomvi Agosti 2025, KFS ilipoagiza malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura wakakimbilia mahakamani, wakihoji: fedha zikishaingia hazina kuu, nani atawalipa walinzi mwisho wa mwezi?