Tarehe ya Injini Ndogo za Mvuke za Nürnberg

Reli ya kwanza ya mvuke nchini Ujerumani ilifunguliwa mwezi Desemba 1835, kati ya Nürnberg na Fürth. Nürnberg ulikuwa mji wa mafundi bati na wa vitu vya kuchezea tangu kale, na haukuchelewa kumtengenezea mtoto mvuke wake mwenyewe. Ernst Plank alianza kazi mwaka 1866. Miaka hiyohiyo ndugu wawili Wayahudi, Ignaz na Adolf Bing, walikuwa wakiuza vyombo vya bati. Kiwanda chao kikaja kuwa kikubwa kuliko vyote vya vitu vya kuchezea duniani. Mfaransa Georges Carette alifungua chake mwaka 1886, na Doll wakafuata mwaka 1898.

Vilikuwa vya kuchezea, lakini injini zilikuwa za kweli. Boila la shaba, taa ya spiriti chini yake, pistoni, gurudumu zito la kuzungusha, vali ya usalama, na mara nyingi filimbi. Maji yakichemka, mashine inakwenda.

Anayezikusanya leo huanza na chapa iliyogongwa kwenye bati au kwenye kibao kidogo cha kitako. EP ni Plank, GC ni Carette, DC ni Doll, GBN ni Bing wa zamani. Ndiyo maana sipendi kabisa kuona injini imesuguliwa mpaka ing'ae: unaosuguliwa ni ushahidi wake. Nyingine ziliuzwa bila chapa, na hizo hulinganishwa na katalogi za zamani zilizochapishwa upya: umbo la bomba la moshi, miguu ya boila, mchoro wa matofali kwenye bati. Chungulia pia chini ya boila. Likiwa limewahi kuchomwa bila maji, lehemu imeyeyuka na maungio yameachia. Taa ya asili ndiyo hupotea kwanza, na ikiwapo, bei hupanda.

Kila chapa ina mwisho wake. Vita vya 1914 vilimkuta Carette akiwa Mfaransa katika nchi ya adui, na mwaka 1917 kiwanda kikafungwa. Injini yake haiwezi kuwa ya baadaye. Ignaz Bing alifariki mwaka 1918. Baada ya vita GBN ikawa BW, Stephan mwanawe akaondoka mwaka 1927, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni yote ikaporomoka kwa madeni.

Kisa cha Doll ni kizito zaidi. Wamiliki wake wa wakati huo walikuwa Wayahudi, na mwaka 1938, chini ya utawala wa Wanazi, kampuni yao ikapita mikononi mwa Fleischmann wa mji huohuo. Mitindo yao haikufa. Baada ya vita vya pili Fleischmann waliendelea kuuza injini za mvuke zilizotokana na kazi ya Doll, zikiwa na jina la Fleischmann. Ninapoiona moja katika mkusanyiko, huomba kadi yake iandikwe na Doll pia.