Shui Qingxia: Kiungo Aliyerudi Kuwa Kocha

Mbele yako ni Uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, India. Ulifunguliwa mwaka 2008 na hutumika zaidi kwa kriketi. Lakini tarehe 6 Februari 2022 nyasi hizi zilikuwa za soka: fainali ya Kombe la Asia la Wanawake, China dhidi ya Korea Kusini.

Mchezaji
Shui Qingxia alizaliwa Shanghai mwaka 1966. Akiwa kiungo, alikuwemo katika kikosi cha China kilichotwaa medali ya fedha Olimpiki ya 1996, mara ya kwanza soka la wanawake kuchezwa katika michezo hiyo. Marekani ilishinda fainali 2–1.

Kocha
Alipotundika daluga alifundisha timu ya wanawake ya Shanghai. Novemba 2021 alikabidhiwa timu ya taifa.

Usiku wa fainali
Hadi mapumziko China ilikuwa nyuma 0–2. Dakika ya 68 Tang Jiali alifunga kwa penalti. Dakika nne baadaye Zhang Linyan akasawazisha kwa kichwa. Katika dakika za nyongeza Xiao Yuyi, aliyetokea benchi, akapachika bao la ushindi: 3–2.

Kwa nini tunaukumbuka
Lilikuwa taji la tisa la China, na la kwanza tangu 2006. Aliyeliongoza benchi ni mwanamke aliyewahi kuivaa jezi hiyohiyo.