Bunduki Kijijini: Mafunzo ya Historia ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Katika vijiji vya Kilwa na pwani ya Lindi, suala la bunduki ndani ya nyumba yenye watoto huzungumzwa kwa sauti ya chini. Linapozungumzwa hadharani hutolewa majibu mawili. Jibu la kwanza husema kwamba hili ni suala la uzembe wa mzazi, na kwamba mzazi akiwa makini mtoto hatadhurika. Jibu la pili husema kwamba hili ni suala la polisi: wenye silaha zisizosajiliwa wakamatwe, na mambo yatakwisha. Majibu haya yote yana sehemu ya ukweli. Lakini yote mawili yanaitenga bunduki na mahusiano ya kiuchumi na kisiasa yaliyoifikisha katika nyumba ya mkulima. Sisi tunashikilia kwamba hatari kubwa kwa mtoto wa kijijini ni bunduki iliyofichwa, na kwamba ni historia inayotueleza kwa nini imefichwa.

1. Bunduki ya mfanyabiashara

Silaha za moto hazikuletwa katika pwani hii kumlinda mkulima. Mwezi Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliivamia Kilwa kwa merikebu zenye mizinga, wakaupora mji na kujenga ngome. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya watumwa waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa. Misafara iliingia bara na nguo, shanga, baruti na magobori. Ikarudi na pembe za ndovu na watu. Aliyekuwa na gobori aliteka, asiyekuwa nalo alitekwa. Mtoto wa mkulima wa wakati ule hakulindwa na bunduki, bali aliwindwa nayo.

Mwaka 1890 mataifa ya kibeberu yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, yakapiga marufuku bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Lakini bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti, na majeshi ya wakoloni wenyewe hayakuguswa. Kwa hiyo mkataba huo, pamoja na madai yake ya utu, uligawa silaha kwa ngazi: ya kisasa kwa mtawala na ya kizamani kwa mtawaliwa.

2. Mkoloni na shamba la mkulima

Wananchi wa pwani hawakukubali kutawaliwa kimya kimya. Mwaka 1888 walipambana na Kampuni ya Wajerumani, na Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa miji iliyosimama. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hapo hapo Kivinje. Mwaka uliofuata, 1896, Gavana Wissmann alitoa amri ya uwindaji: kuwinda kukahitaji leseni, na eneo la Rufiji likatengwa kuwa hifadhi. Tuitazame amri hiyo kwa jicho la mkulima wa Matumbi au wa Ungindo. Kwake, mnyama hakuwa burudani. Nguruwe mwitu waliingia katika mahindi na mihogo usiku, na katika usiku mmoja jasho la msimu mzima likapotea. Mkoloni alimlazimisha kulima pamba na kulipa kodi, na wakati huo huo akamfunga mikono asiulinde mlo wake.

Mwezi Julai 1905 wananchi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Wajerumani walikuwa na bombomu. Vita vilipozimwa, wananchi walitakiwa kusalimisha silaha, na chakula kikateketezwa makusudi ili njaa imalize kazi iliyoachwa na risasi. Wanahistoria wetu wamekadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa. Mashamba yakageuka vichaka, na wanyama wakayarudia. Waingereza nao waliendeleza mfumo wa leseni, na mwaka 1922 wakaipa hifadhi hiyo jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

3. Gobori la mafichoni

Mkulima alifanya nini? Hakuweza kununua bunduki ya leseni, na hakuweza kuacha shamba liliwe. Wahunzi wa kijijini wakatengeneza magobori kwa mabomba ya chuma, na magobori hayo yakaingia darini, uvunguni mwa kitanda na ndani ya makuti. Baadaye alijitokeza mteja mwingine, yaani mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Huyu humpa mwanakijiji silaha, huchukua meno ya tembo, na hatari yote humwachia mwenye nyumba. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous na maeneo yake walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki karibu 13,000. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 ilikusanya silaha nyingi, lakini soko la nje lilikuwa bado halijafungwa.

Hapa ndipo tunapofika kwa mtoto. Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kizibo, kisha marisawa au vipande vya chuma. Kazi hiyo huchukua muda, na nguruwe hasubiri. Kwa hiyo mwenye gobori hulishindilia mapema na kulilaza hivyo hivyo. Kulitoa shehena bila kulifyatua ni kazi ngumu na ya hatari. Na kwa kuwa ni la siri, mlio wake utamfichua. Basi silaha iliyojaa hukaa ndani ya nyumba siku nyingi, na mtoto ndiye anayejua kila kificho cha nyumba ile, kwa maana ndiye anayetumwa kuleta jembe, kupanda darini na kufagia uvunguni.

Siri hiyo inavunja pia njia zote za kujikinga. Baba hawezi kumfundisha mwanawe juu ya kitu ambacho amekanusha kuwa nacho. Hawezi kuagiza sanduku la chuma lenye kufuli bila majirani kuuliza ni la nini. Mtoto akijeruhiwa, familia huchelewa kwenda zahanati kwa kuogopa maswali, na damu haingoji. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

4. Silaha za umma

Historia yetu ina mfano mwingine. Mwezi Februari 1971, baada ya mamluki wa Wareno kuivamia Guinea na jeshi kupindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo. Mwongozo ulisema ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima, na mgambo wakafundishwa vijijini na kazini. Nachingwea, katika mkoa huu huu wa Lindi, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo. Katika mfumo huo silaha haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa na namba, ghala, zamu na mtu wa kuulizwa. Aliyeibeba aliibeba kwa kazi iliyojulikana, kisha akairudisha. Funzo lake ni hili: nidhamu ya silaha huzaliwa na uwazi na uwajibikaji mbele ya wenzako. Pasipo hayo, huruma ya mzazi peke yake haitoshi.

5. Kazi iliyo mbele yetu

Kada asidhani kwamba tatizo la shamba limekwisha. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na kusini mashariki, Lindi na Rufiji zikiwemo, ndiko kulikoathirika sana. Watafiti walionyesha uhusiano: nguruwe mwitu huvuta simba mashambani, na wakulima hulala katika madungu kuwalinda nguruwe hao. Katika madungu hayo hulala pia wanawake na watoto. Ukimnyang'anya mkulima gobori bila kumpa ulinzi mwingine wa shamba, umelihamisha gobori kutoka darini kwenda msituni, na kesho litarudi.

Kwa hiyo kazi ni mbili, nazo ziende pamoja. Ya kwanza ni ulinzi wa pamoja wa mazao: mashamba yapangwe karibu karibu, zamu za kulinda zigawanywe, na kijiji kidai askari wa wanyamapori wafike wanapoitwa. Ya pili ni kuiondoa siri. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali na mmiliki anayejulikana, na Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Viongozi wa vijiji na mabalozi wa mashina waueleze wito huo lugha ya wananchi. Mwenye gobori asilibebe likiwa limeshindiliwa kupita nalo kati ya watu, wala asijaribu kulifungua nyumbani. Atoe taarifa ili mtaalamu alifuate.

Kwa mwenye bunduki halali, kanuni ni chache. Risasi zitolewe kabla hajaingia nyumbani. Bunduki ifungiwe peke yake, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo asiujue mtoto. Naye mtoto afundishwe bila kufichwa: akiona bunduki asiiguse, aondoke, amwambie mtu mzima, hata kama ni ya baba yake, hata kama mwenzake anasema ni bovu.

Kwa miaka mia nne bunduki katika pwani hii ilimtumikia mwenye mali na mtawala, na gharama yake ikalipwa na mkulima. Gharama hiyo isiendelee kulipwa na mwanawe. Mkutano wa kijiji ujadili suala hili waziwazi, kama unavyojadili mbegu na maji, na makada wawe wa kwanza kulifikisha huko.