Homa Moja, Nchi Mbili: Funzo Kutoka Samoa

Leo tunauliza: kwa nini ugonjwa ule ule wa kifua huua watu wengi katika nchi moja, na nchi jirani ikapona?

Historia inatujibu kutoka visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1918 wakazi wake walikuwa watu wa asili moja na lugha moja, lakini chini ya serikali mbili. Samoa ya magharibi ilitawaliwa na New Zealand, ile ya mashariki na Marekani. Wakati huo homa kali ya mafua ilikuwa ikienea duniani.

Tarehe 7 Novemba 1918, meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, upande wa magharibi, ikitoka Auckland. Ilikuwa na wagonjwa, lakini abiria waliruhusiwa kushuka. Katika wiki chache homa ilitapakaa vijijini. Watu 8,500 hivi walikufa, yaani kama mmoja kati ya kila watano. Tena si homa peke yake iliyoua. Familia nzima ziliugua kwa pamoja, pasiwe na wa kuteka maji, kupika wala kulisha watoto.

Upande wa mashariki, gavana John Poyer aliweka karantini kwa meli, nao wanavijiji wakalinda fuo zao. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa hiyo. Mwaka 2002, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa msamaha.

Kina mama, ugonjwa ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa kuzuia mapema, na kuwepo mtu wa kumtunza mgonjwa. Hata nyumbani kwetu ni hivyo. Mtoto apate chanjo ya nimonia, inayotolewa Kenya tangu mwaka 2011. Mwenye kikohozi asimkaribie mtoto mchanga. Mama akiugua, jirani apeleke maji na chakula.

Na mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitalini mara moja.

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.