Rusizi: Mwalimu hujuaje kiwango cha mwanafunzi?

Mtaala wa Rwanda uliozinduliwa mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016 unamtaka mwalimu aangalie mwanafunzi anaweza kufanya nini na maarifa aliyopata, si amekariri nini tu.

Kila somo limegawanywa katika mada. Kila mada hutaja uwezo unaotarajiwa, yaani maarifa, stadi na maadili, kisha huorodhesha vigezo vya tathmini. Kigezo ndicho kipimo: humwonesha mwalimu ni dalili gani zitathibitisha kwamba mwanafunzi ameelewa.

Tuseme kigezo cha hisabati kinataka mwanafunzi atatue tatizo la maisha ya kila siku kwa kuzidisha na kugawanya. Mwalimu wa Kamembe anauliza: magunia 12 ya mchele wa Bugarama, kila moja kilo 25, yakigawiwa wafanyabiashara 4 kwa usawa, kila mmoja atapata kilo ngapi? Mwanafunzi wa kwanza anajibu 75 na kuonesha hatua zake. Wa pili anafuata hatua sahihi, lakini anakosea kuzidisha. Wa tatu hajui aanzie wapi. Wawili hao wamekosa jibu, ila hawako katika kiwango kimoja: mmoja anahitaji mazoezi ya kuzidisha, mwingine anahitaji kufundishwa upya.

Tathmini hiyo hufanyika muhula mzima, kwa maswali ya mdomo, mazoezi, kazi za vikundi na majaribio. Mitihani ya kitaifa, inayosimamiwa na mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA, huja mwishoni mwa darasa la sita la msingi, na mwaka wa tatu na wa sita wa sekondari.

Mjini Rusizi, Cyangugu ya zamani, kuna jambo la kuzingatia zaidi. Mwaka 2019 serikali iliamua kwamba Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza, ilhali nyumbani watoto husikia Kinyarwanda na Kiswahili, na wanaotoka shule za Bukavu, ng'ambo ya mto, wamezoea Kifaransa. Mtoto anaweza kushindwa kwa kutoelewa swali, si kwa kutojua hesabu. Kigezo cha hisabati hakipimi Kiingereza. Mwalimu makini humwacha aeleze kwa mchoro au kwa vitu kabla ya kuhukumu.

Kwa hiyo mzazi apokeapo ripoti yenye asilimia 60, asiishie kuuliza mwanawe ni wa ngapi darasani. Aulize: ni vigezo gani amevifikia, na ni kipi bado?