Kutuliza na Kuunganisha: Istilahi Mbili za Ubongo

Neno kifafa ni kongwe kuliko elimu ya neva. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann wa Ujerumani alieleza kuwa fenobabitali hupunguza kifafa. Mwaka 1960 Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya ugonjwa huo huko Mahenge. Baadaye ilibainika kuwa dawa hiyo huongeza nguvu ya seli za neva zinazozuia nyingine zisichachamae. Mwaka 1962 madaktari Bogen na Vogel wa Los Angeles walikata kiungo cha nusu mbili za ubongo ili kifafa kisivuke. Uchunguzi wa wagonjwa wa namna hiyo ulimpatia Roger Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kiungo hicho kina nyuzi zipatazo milioni 200. Nyingi huamsha, lakini ziendako huamsha pia seli zuizi. Hivyo nusu moja huweza kuituliza nyingine. Kwa hiyo "daraja" latosha kwa umbo, halitoshi kwa kazi.

Na "kuzuia" kusidhaniwe kuwa ni kulemaza. Mzazi akielezwa katika hospitali ya Makandana, Tukuyu, kwamba dawa "huzuia ubongo", aweza kumwachisha mtoto dawa, na kifafa kikarudi kwa ukali. Twapendekeza "seli tulizi" na "kiungo cha nusu-ubongo".